Acha Kiatu Uende

Kila kiatu alichoshona Dalmas Oduor pale Mwiki, alikishona akimfikiria Bedan. Sindano ikipenya ngozi, ilikuwa imempenya Bedan. Nyundo ikigonga msumari, msumari ulikuwa Bedan. Wateja walimsifu, wakasema mishono yake haifunguki hata uvuke matope ya Mwiki msimu mzima wa mvua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza fundi mwembamba namna ile hutoa wapi nguvu ya kuvuta uzi hivyo. Alikuwa anaitoa kwenye chuki.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati na turubai, kando ya meza ya mboga ya Njambi, na kilikuwa na mambo mawili ya ajabu. La kwanza, hakikuwa na patipati, zile ndala za mpira. Kila fundi wa viatu unayemjua huweka patipati kuukuu chini ya benchi ili mteja asikanyage vumbi wakati anangoja. Kwa Dalmas ulipewa kipande cha katoni. Ulisimama juu yake mguu mmoja umekunjwa kama korongo, na ukiuliza patipati ziko wapi, uso wa fundi ulifungwa kama duka la mtu aliyefiwa.

La pili, hakupenda kusimamiwa. Wateja wa siku hizi wanajua kila kitu. Anakuletea kiatu kimepasuka, halafu anakuinamia hapo hapo akikufundisha kazi: weka gundi kwanza, usitoboe hapo, mbona umegeuza. Dalmas alikuwa anaweka sindano chini, anakisukuma kile kiatu kwa mwenyewe na kumuuliza, "Ni mimi nashona ama ni wewe? Acha kiatu uende." Njambi alilipenda neno hilo mpaka akaliiba. Akiona mtu anabinya nyanya zake sana alimwambia, "Fundi amesema uache nyanya uende."

Sasa, huyo Bedan ni nani, na alifanya nini?

Kabla ya viatu, Dalmas alikuwa mtu wa mawe. Alitoka kwao Ugenya akiwa kijana, akapata kazi kwenye machimbo fulani upande wa Juja, ya kupakia mawe ya kujengea kwenye malori. Bedan alikuwa dereva wa lori moja hapo, mtu wa Murera, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa kuandika. Ndiye aliyechora maneno kwenye vioo vya malori yote ya machimbo. Na kwa vile buti za kazi zilikuwa zinaibwa ovyo, ndiye pia aliyeandikia wenzake majina kwa rangi nyeupe kwenye buti zao. Kwenye buti la Dalmas aliandika DALMAS kwa herufi kubwa, na ile D ya kwanza akaivuta mkia mrefu chini kama wa mjusi. Walikuwa marafiki. Saa ya mchana walikula githeri kwenye sufuria moja, na Bedan alikuwa akimwachia mahindi kwa sababu Dalmas hakuyapenda maharagwe.

Machimboni kulikuwa na sheria moja ambayo hata mgeni wa siku ya kwanza aliambiwa kabla hajaonyeshwa choo. Dereva harudishi lori nyuma mpaka aliye nyuma agonge bodi kwa kiganja. Usiposikia bodi, usirudi. Hata tajiri mwenyewe apige kelele, usirudi.

Asubuhi moja Bedan alitaka kuwa wa kwanza kutoka na mzigo. Dalmas alikuwa ameinama nyuma, anaondoa jiwe njiani. Bodi haikugongwa, lakini Bedan akarudi nyuma. Tairi likapanda mguu wa kushoto wa Dalmas, kile chuma cha mbele ya buti kikajikunja kuelekea ndani, na vidole vikabaki humo.

Mpaka hapo, ilikuwa ajali. Dalmas mwenyewe alikuwa anasema hivyo: mpaka hapo angesamehe. Kilichofuata ndicho kilichomkaa kooni. Yeye akiwa amelazwa Thika, hajui hata ni siku gani, Bedan alimwambia msimamizi wa machimbo kwamba bodi iligongwa, ameisikia kwa masikio yake. Kisha akaongeza kitu kidogo, labda kwa woga, labda ili hadithi isimame vizuri. Alisema Dalmas alikuwa amevaa patipati, na kwamba alikuwa amemwonya akacheka.

Wengine walikuwa juu kwenye mawe, hawakuona. Dalmas aliporudi na magongo, bawabu hakumfungulia geti. Alimwambia kesi ilishaisha, mtu hawezi kuingia machimboni na patipati halafu aje kusumbua watu, na akacheka kicheko cha kweli kabisa, cha mtu aliyesikia jambo la kuchekesha. Kuanzia siku hiyo Dalmas akaitwa Patipati. Jina hilo lilimfuata hadi Mwiki kabla hata hajafungua vitu vyake. Madereva waliokuwa wakipita na mawe walimwona kibandani, wakatoa vichwa dirishani. "Patipati, sasa." Fundi wa viatu aitwaye Patipati! Watu waliona ni utani mzuri. Na kila alipolisikia jina hilo, vile vidole visivyokuwepo vilimwasha, akainama kujikuna mahali pasipo na kitu.

Lakini alikuwa na buti. Muuguzi mmoja kule Thika alilikata kwa makasi ili kuutoa mguu, akalitia kwenye mfuko pamoja na nguo, na mfuko ukamfikia mkewe, Akello. Akello alitaka kulitupa. Dalmas alimwambia likitupwa, naye atupwe. Akalitia ndani ya gunia na kulisukuma chini ya kitanda: chuma kilichokunjika, alama ya tairi, na jina kwa mkono wa Bedan mwenyewe, D ikiwa na mkia wake.

Dalmas alikuwa Mkristo, na hebu usidhani kwamba Ukristo wake ulikuwa wa mchezo. Hakukosa Sabato. Aliimba sauti ya chini kwenye kwaya. Aliomba asubuhi na jioni, na kila ombi lilikuwa na Bedan ndani. Mwanzoni alimwomba Mungu amuue. Baadaye akaona hilo ni kubwa, akapunguza. Akaomba Bedan avunjike mguu tu, tena wa kushoto, tena kwa lori, tena mbele ya watu. Alimweleza Mungu barabara inayofaa. Alimtajia ile kona ya kuingilia machimbo, ambapo magari huteleza mvua ikinyesha. Akimaliza alisema amina, na moyo ulikuwa umechafuka kuliko alipopiga magoti.

Kisha, mwaka huu mvua za Aprili zikiwa zinaanza, Mungu akamjibu vingine kabisa.

Ilikuwa Sabato, na Mzee Muthoka, mzee wa kanisa lao dogo la mabati, alisimama mbele kukaribisha mshiriki mpya. Alisema ni ndugu aliyeokoka kwenye mahubiri ya hema kule Thika, akabatizwa, na sasa amehamia Kiuu, kwa hiyo atakuwa akiabudu nao. Ndugu mwenyewe akainuka kwenye kiti cha nyuma, akaja mbele na suti ya kijivu iliyomzidi mabega.

Dalmas alimtambua kwa kutembea kabla hajaona uso.

Bedan alitoa ushuhuda. Alisema alikuwa mlevi, alikuwa mwongo, alikuwa ameumiza watu, na Yesu amemwosha yote. Alisema "watu" hivyo tu, kama mtu anayesema mvua ilinyesha mahali fulani. Hakutaja machimbo wala mguu wa mtu. Na kanisa zima likasema amina, akina mama wakapiga vigelegele, Mzee Muthoka akamkumbatia. Akello aliushika mkono wa mumewe chini ya Biblia na akaukuta baridi kama samaki.

Baada ya ibada walipanga mstari nje wakisalimiana, kama kawaida yao. Bedan alikuja akishika mikono ya kila mtu, Sabato njema, Sabato njema, mpaka akafika kwa Dalmas. Hapo macho yake hayakuinuka. Yalikuwa yametazama kiatu cha kushoto. Alisema Sabato njema kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa, na mkono wake ulishatoka kabla haujashikwa.

Wiki zile Dalmas alikuwa hafai kuongeleshwa. Alisema kwa Akello, na kwa ukuta, na kwa soli za watu, kwamba Mungu amempitisha adui yake mlango wa mbele. Kwamba yeye amelia miaka yote hii, na mwenzake amelia jioni moja tu ndani ya hema akapewa suti na makofi. Njambi alipomuuliza kwa nini amegonga msumari mpaka umetokea upande wa pili wa kiatu cha mtu, alimwambia achunge mboga zake.

Halafu kanisani kukatangazwa Meza ya Bwana.

Kwao, kabla ya mkate na divai, watu huoshana miguu. Akina mama huingia chumba cha watoto, wanaume huenda nyuma ya kanisa kwenye mabenchi, na kila mtu huchagua mwenzake. Mmoja anakaa, mwingine anapiga magoti na beseni. Kisha wanabadilishana, wanaombeana na kukumbatiana. Mzee Muthoka alisisitiza, kama anavyosisitiza kila mara, kwamba aliyekosana na mwenzake amtafute huyo huyo. Miaka yote Dalmas alioshana na Mzee Muthoka mwenyewe, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa hafifu na hakuuliza maswali. Lakini siku hiyo tangazo lilimshukia kama zawadi. Alijua atakachofanya. Alishangaa hata hakukifikiria mapema.

Angemwita Bedan, mbele ya wanaume wote, amwoshe. Angemwacha apige magoti. Angevua soksi ile polepole. Na Bedan akiwa hapo chini, mikono yake iko majini, hana pa kukimbilia, angelitoa buti kwenye gunia na kuliweka juu ya magoti yake, karibu na uso wa Bedan, na kuuliza kwa sauti ya kwaya: "Ndugu Bedan, hili ni patipati?"

Neno hilo alilifanyia mazoezi wiki nzima. Alilisema akikata soli. Alilitafutia mahali pa kupumulia. Lile buti alilileta kibandani, akalipangusa vumbi, akalipiga brashi mpaka jina likang'aa, na Njambi alipouliza ni la nani mbona limekunjika hivyo, Dalmas alitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi huo. Alisema ni la mteja, anakuja kulichukua Sabato.

Ijumaa alasiri, Akello alikuwa akipika chakula cha kesho kabla jua halijatua, akaona gunia limewekwa mlangoni kando ya viatu vya kanisa. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Hilo linaenda wapi?"

"Kanisani."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliketi juu ya kigoda, akajifuta mikono kwenye leso mpaka wali ukaanza kunukia kuungua.

"Baba Marvin, nikuulize kitu. Mtu akikuletea kiatu, halafu akusimamie hapo juu, toboa hapa, vuta pale, wewe humwambia nini?"

Dalmas alijifanya anapangusa viatu vya kanisa.

"Humwambia nini?"

"Aache kiatu aende."

"Sasa wewe na Mungu." Hakuwa amepandisha sauti. "Huu mguu umempelekea kila asubuhi. Unamwonyesha pa kutoboa. Unamwambia atumie lori gani. Na ukimaliza kuomba unabeba kiatu chako unarudi nacho nyumbani, unakiweka chini ya kitanda changu. Atashona saa ngapi?"

"Nimengoja sana, Mama Marvin. Hashoni."

"Hujawahi kukiacha."

Dalmas alimwambia wali unaungua, akatoka nje. Alikasirika kwa sababu neno lilikuwa lake mwenyewe, na hakuna kitu kinachouma kama kupigwa kwa nyundo yako. Lakini gunia halikutoka mlangoni.

Asubuhi aliingia nalo kanisani, akaliweka chini ya kiti. Wakati ulipofika, wanaume walitoka nyuma, mashemasi wakaleta mabeseni ya plastiki na maji ya moto kwenye sufuria kubwa, wakachanganya na ya baridi. Mzee Muthoka alikuwa tayari anapapasa hewa akimtafuta mwenzake wa siku zote. Dalmas alimpita. Alikwenda mpaka mwisho wa benchi la pili, ambako Bedan alikuwa amesimama peke yake akijifanya anakunja taulo.

"Ndugu Bedan. Njoo unioshe."

Wote walisikia. Bedan aliinua uso, na Dalmas akaona kile alichokuwa akikitamani miaka yote: hofu halisi, imekaa kwenye macho ya mtu yule. Ilikuwa tamu. Tusidanganyane, ilikuwa tamu kama asali.

Aliketi. Gunia akaliweka kati ya kiti na ukuta, mdomo wake ukiwa wazi, na mkono wake wa kulia ukaingia humo na kulishika buti. Bedan alipiga magoti. Kutoka pale juu, Dalmas aliona kisogo chake, nywele zimenyolewa karibu, na kovu dogo ambalo hakuwahi kuliona. Bedan aliosha mguu wa kulia kwanza. Kisha Dalmas akavua soksi ya kushoto polepole, kama alivyopanga.

Bedan hakuwa amewahi kuuona. Dalmas alilitambua hilo palepale, kwa vile mikono ya yule mtu ilivyosimama juu ya maji. Aliutazama ule mguu uliokatika kama mkate ulioumwa.

Sasa, Dalmas alijiambia. Toa.

"Maji ni moto sana?" Bedan aliuliza, kwa sauti ya chini.

Lilikuwa swali la kawaida. Halikuwa kwenye mazoezi. Dalmas alijikuta amelijibu kabla ya kufikiri, kama unavyomjibu mtu yeyote.

"Sijui. Hapo mbele sisikii kitu."

Basi Bedan akavuta beseni karibu, akakunja mkono wa shati, na akatumbukiza kiwiko kupima maji, kama mama anayetaka kuogesha mtoto. Akangoja. Akaomba shemasi baridi kidogo, akamimina, akapima tena. Ndipo akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili na kuushusha ndani taratibu, na akaanza kuosha pale mahali pasipo na vidole, kimoja kimoja, kana kwamba bado vipo.

Mkono wa Dalmas ulikuwa bado umeshika buti. Alilitafuta lile neno lake, akalipata. Lilikuwa hapo hapo mdomoni, limeiva. Alijua pia kitakachofuata: wanaume watageuka, Bedan ataanguka, na jioni Mwiki nzima itajua. Na kesho yake? Kesho yake angeamka na buti lile lile. Angelirudisha chini ya kitanda, maana mtu hawezi kulitupa buti kama hilo, na Jumatatu angeshona kiatu cha kwanza akimfikiria Bedan. Hilo lilimjia wazi kabisa, na lilimchosha. Alijisikia mzee. Miaka yote amemshika huyu mtu, na mkono wake ndio uliokufa ganzi.

Mungu, alisema moyoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na barabara ya kumtajia. Mungu, sijui utafanya nini na huyu. Pengine hutafanya kitu. Mimi naacha hapa, naenda.

Vidole vya mkono vikafunguka. Buti likazama ndani ya gunia kwa kishindo kidogo ambacho hakuna aliyekisikia ila yeye.

Walibadilishana. Dalmas kupiga magoti ni kazi. Ule mguu hauna cha kujikazia mbele, kwa hiyo ilibidi ashike goti la Bedan ili ashuke. Alimwosha haraka haraka, si kwa upendo mwingi, tusiseme uongo. Aliona kiatu cha kanisa cha Bedan kando, ubavu umepasuka, soli inacheka. Akili ya ufundi ikasema yenyewe kwamba hicho kinataka kiraka cha ngozi nene.

Kisha wakaombeana. Bedan alisema maneno machache yaliyoshikana, hayakueleweka. Ikaja zamu ya Dalmas, na wanaume wa karibu, ambao hawakujua chochote, walimsikia akiomba ombi la ajabu.

"Mungu, unajua huyu alifanya nini. Mimi nilitaka kukusaidia kumshika. Leo nimekuachia. Tafadhali umchukue kabisa, kwa sababu ukimwacha hapo nitarudi kumchukua. Amina."

Bedan alikuwa analia. Dalmas hakulia. Alivaa soksi yake, akaenda kula mkate.

Usitegemee niseme mbingu zilifunguka. Alirudi nyumbani na gunia lake, akala ule wali ulioungua kidogo, akaketi kwenye kochi na akalala usingizi mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akello alimpita mara nyingi akidhani ni mgonjwa. Alipoamka, mtu wa boda boda nje alikuwa akipaza sauti, Patipati, uko? Nina kiatu. Dalmas akaitika, "Niko." Ni baadaye ndipo alipogundua kwamba hakujikuna.

Jumapili alishuka Ruiru mjini kununua gundi, na akarudi na patipati mpya, za samawati, za kuweka kibandani.

Jumatatu asubuhi Njambi alikuta fundi ameliweka lile buti juu ya chuma cha kugongea na kisu kikiwa mkononi. Alimkumbusha kwamba mteja wake alikuwa aje kulichukua Sabato. Dalmas alisema alikuja, lakini hakulichukua. Lilikuwa na ngozi nzuri sana shingoni, nene, laini kwa ndani, ngozi ambayo siku hizi ukiitafuta Thika unazungushwa. Miaka yote ilikuwa imelala bure. Akachomeka kisu na kukata moja kwa moja, katikati ya jina.

Ndipo kivuli kikaanguka juu ya kazi. Bedan alikuwa amesimama hapo na viatu vyake vya kanisa mkononi, miguuni amevaa viatu vya kuazima vilivyombana. Labda viatu vilikuwa sababu, labda vilikuwa kisingizio. Mdomo ulikuwa wazi tayari kusema alichokuja kusema, kisha macho yake yakaangukia benchi. Akaona chuma kilichokunjika. Akaona ile D na mkia wake, upande mmoja wa kisu, na herufi nyingine upande wa pili.

"Ulikuwa nalo," alisema. "Siku zote."

"Hata Sabato. Lilikuwa kando ya kiti."

Bedan aliketi chini palepale, kwenye ile katoni ya wateja. Njambi akaacha kupanga mboga. Bedan alisema alikuwa hajalala tangu Sabato, kwamba alitaka kwenda machimboni kwa msimamizi, yule bado yuko, aseme ukweli wote: bodi haikugongwa, na patipati hazikuwepo. Alikuja kwanza kumwambia Dalmas. Halafu akanyoosha mkono kukizuia kile kisu.

"Usikate. Hilo ndilo ningemwonyesha. Sasa nitaenda na nini?"

"Una mdomo," Dalmas alisema. "Si ndio ulienda nao mara ya kwanza?"

Njambi alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Bedan aliinamisha kichwa, akapokea. Kisha akaanza kueleza tena, vile atakavyosema, atakavyoanza, Dalmas anaonaje, aende leo au angoje wiki iishe, na je, Dalmas anataka waende pamoja. Alikuwa ameinama juu ya benchi, anaeleza, anaonyesha kwa kidole.

Dalmas aliweka kisu chini. Akachukua vile viatu vilivyopasuka, akavipanga kando ya kipande cha ngozi alichokuwa amekwisha kukata. Alijiuliza kama anatamani yule mtu aende machimboni. Alitamani, ndiyo. Lakini haikuwa tena mkononi mwake, na alishangaa jinsi mkono ulivyokuwa mwepesi.

"Mambo ya machimbo ni yako na Mungu," alisema. "Mimi ni fundi tu. Acha kiatu uende."

"Niende na nini? Hivi nimeazima kwa jirani, anavitaka saa hizi."

Dalmas aliinama chini ya benchi, akazitoa zile patipati mpya, na kuzitupa mbele ya miguu yake.

Bedan alizitazama kwa muda. Akamtazama Dalmas. Kisha akavua viatu vya jirani, akavaa patipati, moja baada ya nyingine, akainuka. Hakuelekea upande wa Kiuu. Alikwenda upande wa barabara ya Juja, zile patipati zikipiga visigino vyake, pa, pa, pa, mpaka Njambi akashindwa kujizuia, akauliza kama kweli mtu anaweza kuingia machimboni amevaa hivyo.

Dalmas hakuinua kichwa. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, na alikuwa anacheka.